Alhamisi ya Fundi Wario

Fundi,

Salaam aleikum. Najua salamu hii si ya kwetu. Miaka kumi na moja nilikuwa nikiingia dukani na kukuambia "habari ya asubuhi," nawe ukinijibu, "Akiru, habari haijafika, ndiyo kwanza tumefungua mlango." Leo nimeanza na salamu yako ili ukose cha kunijibu.

Ni miezi minne sasa tangu wakuzike. Duka lako liko pale pale, barabara ya soko la mifugo, na bado limeandikwa WARIO: MABANGO NA MIHURI kwa ile buluu uliyoipaka kwa mkono kabla hujajua kompyuta ni mnyama gani. Mama Dima amekaribia kumaliza eda. Alinipa funguo wiki moja baada ya mazishi, akaniambia nifanye kazi mpaka mwanenu Dima aamue kama atarudi kutoka Nairobi. Dima harudi. Sote tunajua, hata wewe ulijua. Kwa hiyo nimebaki mimi, na makopo ya rangi, na ile kompyuta yako kuukuu.

Nakuandikia kwa sababu ya hiyo kompyuta. Kuna kitu nilikiharibu nikakificha miezi mitatu na zaidi. Wazee wa soko wamekijua kabla yako, na hiyo naona si haki.

Siku nilipofungua duka mara ya kwanza, kiti chako kilikuwa kimegeuzwa upande, vile vile ulivyokiacha ulipoinuka kwenda kuswali alasiri ukakalia ngazi badala ya mkeka, usiinuke tena. Chai yako ilikuwa bado mezani, imejaa sisimizi. Stima ilipotea saa ile ile tulipokuwa tunakuinua kukuweka kwenye gari, na hakuna aliyekumbuka kuzima chochote.

Nilisafisha. Unanijua, Fundi, mimi nikiwa na huzuni nanyoosha vitu. Nilipanga brashi kwa ukubwa. Niliosha kikombe mara mbili. Kisha nikawasha kompyuta, nikaona saa yake, pale chini kwenye kona ya skrini, ikionyesha mwaka ambao mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Ile betri ndogo ya ndani, ya mviringo kama shilingi, ilikufa zamani, na kila nilipokukumbusha ulisema utaibadilisha kesho. Nikaenda kwa fundi wa saa karibu na msikiti, nikanunua nyingine, nikaitia. Nikaweka tarehe ya siku hiyo. Nikaweka saa na dakika, nikilinganisha na simu yangu. Kwa mara ya kwanza tangu ufe nilijisikia vizuri. Nilifikiri nimekufanyia heshima.

Halafu nikabonyeza programu yako ya kuchora. Ile picha ya unyoya ikatokea katikati ya skrini, ikakaa kitambo cha kuvuta pumzi, ikatoweka. Hakuna neno, hakuna kosa lililoandikwa, hakuna chochote. Nikabonyeza tena. Unyoya ukaja, ukaondoka.

Nilizima nikawasha. Nilipuliza vumbi ndani kwa pampu ya baiskeli. Nilichomoa kila waya nikaurudisha, nikafuta picha za zamani kuipa nafasi, nikaiacha imezimwa siku mbili nikidhani imechoka. Unyoya ulikuja, ukaondoka. Nilianza kuona kana kwamba ni wewe. Kwamba kila nikibonyeza unakuja mpaka mlangoni, unachungulia ni nani ameketi kwenye kiti chako, unaona ni mimi, unarudi ulikotoka bila kunisalimu.

Nikimwambia mtu hivyo atacheka. Lakini Kaltuma wa hoteli ya ng'ambo hakucheka. Alisimama mlangoni na birika lake, akautazama ule unyoya ukipotea, akasema, "Mashine imemjua mwenyewe. Imekataa." Tangu siku hiyo chai yangu ananiletea mpaka kizingitini tu. Anasema mikono imejaa, hata kama ameshika kikombe kimoja. Na mimi nikageuza meza, nikawa nafanya kazi nikiipa kompyuta mgongo. Mabango niliandika kwa brashi. Sikuogopa mzimu, Fundi. Niliogopa kwamba umenikasirikia na sijui kwa nini.

Ningekaa hivyo mpaka leo, kama si Habiba wa Korbesa.

Unamkumbuka. Yule mjane mwembamba asiyekaa ukimpa kiti. Alikuja na lori la Merti, Jumatano, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama pale pale anaposimama. Ngamia wake jike, yule mweupe, alipotea wakati wa ukame pamoja na wengine wawili. Wale wawili hawajulikani waliko. Mweupe alikuwa ameonekana hapa hapa Isiolo, sokoni, mkononi mwa mfanyabiashara mmoja aliyesema amemnunua kihalali. Alama ya shingoni, ya chuma cha moto, ilikuwa na mistari minne. Ya kwa kina Habiba ni mitatu. Mfanyabiashara akasema minne ni ya ukoo wa aliyemuuzia, na mama huyu amechanganyikiwa na njaa. Wazee wakamuuliza Habiba ana ushahidi gani. Akawajibu, "Wario aliandika."

Wakampa mpaka Jumamosi. Akikosa, ngamia apakiwe na wengine kwenye lori, na kwa Habiba watoto wanne wakae bila maziwa, maana mbuzi wake walikwisha wote.

Asiyekujua angedhani kazi yako ilikuwa mabango. Mabango yalikuwa ya kukulisha. Kazi yako ilikuwa alama za ngamia. Siku za soko ulifunga kazi ya watu ukaenda na madaftari yako. Kwanza mwenye mnyama akuchoree alama vumbini kwa fimbo, kisha uende kwa mnyama mwenyewe, umbandike karatasi nyembamba shingoni na kulifuata kovu kwa penseli huku ngamia akikutemea mate. Karatasi ulimpa mwenyewe, na mchoro, kwa ukubwa ule ule, ukauweka kwenye kompyuta. Korbesa, Merti, mpaka Kipsing kwa mama yangu. Waborana, Wasomali, Wasamburu, sisi Waturkana. Hukuuliza nani amegombana na nani. Ndiyo maana hata waliogombana walikukubali.

Karatasi ya Habiba ilienda na maji mto Ewaso Nyiro ulipofurika. Mchoro ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, nyuma ya ule unyoya.

Nilimwambia programu imekataa. Hakuuliza programu ni kitu gani. Alisema, "Wewe si mwanafunzi wa Wario? Basi fungua." Akaenda kukaa kwa Kaltuma kusubiri, akiwa ameelekea mlango wetu.

Nikamwita Koome, yule Mmeru anayetengeneza kompyuta karibu na stendi. Alikuja na begi lake, akaiangalia kama daktari anavyomwangalia bibi wa miaka mia. Alijaribu njia zake zote. Alihamisha mchoro kwa flashi akaufungua kwenye mashine yake mpya, ukatoka safu za alama za ajabu, hakuna mstari hata mmoja. Akajaribu kuiweka programu yenyewe kwenye mashine hiyo, ikamkatalia. Alhamisi jioni akafunga begi. "Siste, hii kitu ni ya kitambo sana. Wacha ipumzike na mwenyewe." Nikamfukuza. Sikumfukuza kwa adabu, itabidi nimwombe msamaha.

Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini na barabara imenyamaza, niligeuza meza nikaketi kwenye kiti chako kwa mara ya kwanza. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kuliona jina la mchoro, nimwambie Habiba kwamba upo, hata kama hautoki. Nikafungua orodha ya kazi zako. Korbesa, Habiba, jike mweupe. Lilikuwepo. Na mbele ya jina, tarehe.

Ilikuwa Alhamisi moja ya miaka tisa iliyopita. Nikaona ajabu kidogo, kwa sababu ngamia huyo ulimchora juzi juzi tu, haijapita miaka miwili, nilikushikia madaftari. Nikaangalia jina la juu yake. Alhamisi ile ile. La chini yake. Alhamisi ile ile. Nikashuka, nikashuka, nikashuka, majina ya watu, majina ya visima, hao wengine wameshakufa na ngamia wao wameshaliwa, na mbele ya kila jina Alhamisi ile moja. Hakuna mtu awezaye kuchora ngamia wote wa Isiolo siku moja.

Ndipo nikakusikia. Sisemi nilikukumbuka. Nilikusikia, nyuma yangu upande wa kulia, pale ambapo sauti yako ilikuwa ikitokea mimi nikiwa nje nanyunyiza maji na kufagia baraza. Kila asubuhi ulisema Bismillahi, ukawasha, na baada ya kitambo ukasema kwa sauti ya chini, "Wacha nikurudishe nyumbani." Miaka yote nilidhani ni kipande cha dua.

Na hapo nikakumbuka ile hadithi uliyonipa mara moja tu, tukila chakula cha mchana. Kwamba kampuni iliyokuuzia programu ilifungwa, wenyewe wakatawanyika, na leseni yako ya mwisho ina siku yake ya kwisha, wala hakuna tena wa kuombwa nyingine. Nilikuuliza, sasa utafanyaje? Ukasema, "Siku ikifika tutaiambia isubiri." Nikacheka, nikadhani ni maneno yako yale.

Kumbe uliiambia kweli. Kila asubuhi ulikuwa unaitoa saa kwenye ule mwaka wa zamani, ambao programu haiutambui, unairudisha kwenye siku ya mwisho ya leseni, ndiyo maana hukutaka betri mpya, haikuwa na kazi. Na mimi, mnyoosha vitu, nikaja na betri yangu na simu yangu, nikaipeleka mashine kwenye siku ambayo wewe hupo na programu haipo. Nikawaacha watu waseme mashine imekufuata. Kumbe ni mimi niliyewasukuma wote wawili upande ule.

Niliirudisha tarehe. Miezi minne ikaondoka, mazishi yakaondoka, miaka ikaondoka mmoja mmoja mpaka Alhamisi. Nikasema maneno yako kwa sababu sikujua kama yanahitajika au la. Nikabonyeza.

Unyoya ukaja. Ukakaa. Ukaendelea kukaa.

Programu ikafunguka, ikaniambia kuna kazi iliyokatika kabla ya kuhifadhiwa, je, niirudishe? Nikasema ndiyo. Likatokea bango la Kaltuma, lile ulilokuwa ukilifanya mchana ule. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, HOTELI YA KALTUM. Na baada ya M, kile kijistari kinachowaka na kuzima, kikisubiri. Ulikuwa umebakiza herufi moja, ukainuka kwenda kuswali. Nilifunga mlango, Fundi, nikalia mpaka Habiba akaja kugonga.

Jumamosi tulienda sokoni na karatasi. Wazee walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa zizi, Abba Jarso katikati na redio yake. Sasa sikiliza ujinga wangu mwingine. Programu yako inachapa tarehe kwenye kona ya karatasi, na mimi kwa haraka zangu sikuikata. Mfanyabiashara alikuwa na macho. Akaisoma kwa sauti, kisha akauliza ngamia ana umri gani. Sita, wakasema. Akaipiga karatasi kwa kucha. "Huu mchoro ni wa miaka tisa. Wario alichora ngamia kabla hajazaliwa?" Watu wakacheka.

Habiba akanitazama. Uwongo ulikuwa mlaini kabisa, umekaa ulimini: ningesema tu ni mchoro wa mamake ngamia, alama ni moja, mambo yangekwisha. Na ukweli ulikuwa na ubaya wake. Nikisema Wario alikuwa akidanganya saa kila siku ya Mungu kwa miaka tisa, nani ataziamini karatasi zako tena? Jina lako ndilo lilikuwa ushahidi wote. Sikuwa na kingine cha kumtetea Habiba.

Nikasema ukweli. Nilisimama mbele ya wanaume wale wote, mimi mwanamke wa Kiturkana kwenye shauri la ngamia wa Waborana, nikawaambia tarehe ni ya uwongo, kwa nini ulifanya, na mimi nilifanya nini baada yako. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Mfanyabiashara tu ndiye aliyesema, "Kama tarehe ni uwongo, basi mistari ni nini?"

Abba Jarso akazima redio. Akaniuliza swali moja. "Wario alikuwa ananyoosha?"

Fundi, unakumbuka mwaka wangu wa pili? Ile kazi ya Kipsing niliyoachiwa, nikakuta kitufe cha kunyoosha mistari, nikanyoosha alama zote arobaini nikidhani utanisifu? Ulizitazama moja moja. Hukupiga kelele. Ulisema, "Huyu si ngamia wa mtu, Akiru. Huyu ni ngamia wa kompyuta." Nikachora zote upya, kwa kuangalia makovu, na kila nilipofika kwenye mstari uliopinda nilikuchukia.

Nikamjibu Abba Jarso, hakunyoosha hata mmoja.

Wakamleta ngamia. Wakamlowesha shingo kwa maji mpaka manyoya yakalala, kovu likaonekana. Nilikuwa nimeikata karatasi kwa wembe kuifuata mistari, kama ulivyonifundisha, ikawa na matundu matatu. Nikambandika shingoni. Mstari wa kwanza ukakaa kwenye tundu lake, wa pili ukakaa. Wa tatu una kile kipinda chake mwishoni, kinachorudi nyuma, kwa sababu marehemu mume wa Habiba alishika chuma cha moto kwa mkono wa kushoto. Kipinda kikaingia kwenye kipinda. Mstari wa nne ukabaki nje ya karatasi, umenyooka vizuri sana, bado wa pinki kama kovu la juzi.

Mfanyabiashara akasema na yeye aliuziwa, na huenda ni kweli, uso wake ulikuwa umeshuka. Abba Jarso akasema, "Siku alidanganya. Kovu hakudanganya." Akawasha redio.

Habiba hakunishukuru, si kawaida yake. Alimshika ngamia shavu, akamsemesha kwa Kiborana maneno ya chini chini. Halafu akanijia. Aliuliza, "Kwa hiyo mle ndani bado ni ile Alhamisi?" Nikamwambia ndiyo. Akafikiri. "Basi msalimie."

Ndiyo nimekuletea salamu zake. Barua hii naiandika ndani ya programu yako, Fundi, sina pengine pa kuiandikia. Nikiihifadhi, itapewa Alhamisi kama vitu vyako vyote. Kila asubuhi nafagia baraza, naingia, nairudisha nyumbani, na mpaka saa kumi na moja jioni nafanya kazi katika siku ambayo wewe hujafa. Nikifunga mlango unakufa tena. Sikudanganyi, mara nyingine nachelewa kufunga. Nimekuwa nikigeuza kichwa upande wa kulia kama mtu aliyeitwa. Kaltuma ameona, hasemi.

Na kwa kuwa barua itafika Alhamisi, nimejaribu na hili, najua ni wazimu: ukiisoma, usipuuze maumivu ya hicho kifua. Usimwambie Mama Dima ni gesi. Nenda upimwe. Bado una miaka tisa mbele yako.

Hujaenda. Najua hujaenda. Ningejua.

Kama nilikuaibisha mbele ya wazee, nisamehe. Watu bado wanakuja kuuliza alama zao, na sasa wanauliza wenyewe, "Ni ya siku gani kweli?" Nami natafuta kwenye madaftari yako, niliyoyasahau siku ile sokoni, ambako uliandika majina na tarehe za haki kwa penseli. Nimeanza kuzichapa zote. Moja moja, kwa ukubwa wake, bila kunyoosha, na tarehe ya kweli nyuma kwa mkono wangu. Nakala moja kwa mwenyewe, nyingine kwenye sanduku la bati kwa Mama Dima. Nimemaliza Merti. Korbesa niko nusu.

Nikimaliza Kipsing, zitakuwa zimekwisha. Siku hiyo nakuahidi nitafungua bango la Kaltuma na kuweka ile A. Nitalichapa, nitavuka barabara nimkabidhi, na sitairudisha saa tena. Nitaiacha Alhamisi ipite, nawe upite nayo, kwa amani.

Lakini Kipsing ni mbali, Fundi, na mimi siendi haraka. Kwa sasa kaa kwenye kiti chako. Ukisikia ufagio nje, ni mimi.

Akiru